Ahsanteni kwa Kunisamehe Hisabati

Kwa wakubwa wa elimu wenye huruma,

Nimechelewa kuwashukuru kwa msamaha mlionipa nikiwa kidato cha kwanza. Mwalimu wa taaluma aliniita ofisini, akanipa kiti, akaniambia kwa sauti ya msibani kwamba sisi tusioona tumesamehewa hisabati, na fizikia na kemia vilevile. Nikasema ahsante mwalimu. Nilipofika bwenini ndipo nikajiuliza: kwani nilikosa nini?

Msidhani sikujaribu. Kabla ya msamaha nilihudhuria vipindi viwili. Mwalimu anaandika, chaki inalia, huku akifundisha: "Hii ukiitoa hapa ukaipeleka kule, inakuwa hasi. Halafu hii na hii zinakufa. Tunabaki na nini?" Darasa zima: "Na hiiii!" Mimi nikabaki na mashine ya nukta nundu na karatasi tupu. Angetamka tu "eksi tatu", nisingehitaji huruma ya mtu.

Maabara nazo tunazo. Mwaka 2012 Rais Kikwete aliagiza kila shule ya kata iwe na maabara tatu, na wananchi tukachangishwa. Ya kwetu ina ngazi nne mlangoni na meza za kusimamia. Jirani yangu wa kitimwendo alisoma kemia yote akiwa nje, dirishani, rafiki yake akimtangazia rangi kama mtangazaji wa mpira. Mchango wa wazazi wake, lakini, uliingia mpaka ndani.

Kule Marekani alikuwepo mwenzangu, Abraham Nemeth, asiyeona tangu kuzaliwa. Alitaka hisabati, washauri, kwa huruma kama yenu, wakamwelekeza kwenye saikolojia. Sasa yeye hakujua kushukuru. Akairudia hisabati, akabuni namna ya kuiandika kwa nukta nundu, ikakubaliwa mwaka 1952, na mwenyewe akaishia kuwa profesa wa hisabati. Mwaka huo Tanganyika ilikuwa bado haijapata uhuru, kwa hiyo naelewa: habari ziko njiani.

Mtasema bajeti. Dada yangu aliwahi kunichorea grafu kwa uzi wa cherehani na gundi juu ya boksi la sabuni. Mstari ukapanda chini ya kidole changu, ukakata mhimili, ukaendelea. Nilikuwa na miaka 26, na siku hiyo ndiyo nilielewa mteremko wa mstari ni kitu gani. Uzi tulipewa bure na fundi wa jirani.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 nimeisikiliza, simu yangu ikinisomea. Haki ya kusoma imo. Kifungu cha kusamehewa sikukisikia, labda mtandao ulikatika.

Basi, waheshimiwa, mwakani nataka kujiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea, na hisabati imo kwenye orodha yangu. Naomba mtihani wa nukta nundu, michoro inayopapasika, na muda wa kuipapasa. Kila mwaka hisabati huangusha watahiniwa kwa maelfu, wenye macho yao mawili mazima. Niacheni nami nianguke nao. Na nikifaulu, mtanisamehe.

Wenu,
Msamehewa