Sifuri ya Mjomba

Kamati ya harusi ya Dar es Salaam ina vyeo vitatu visivyokosekana: mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Katika harusi ya binamu yangu kilijitokeza cha nne ambacho hakikupigiwa kura, nacho ni historia ya matoleo ya jedwali la michango.

Katibu nilikuwa mimi. Zamani orodha ya michango ilikaa kwenye kaunta buku la mweka hazina, na aliyetaka kupunguza ahadi yake alimvuta pembeni wakayamaliza kwa minong'ono. Safari hii mwenyekiti aliagiza uwazi. Tukaweka jedwali kwenye Google Sheets: jina, ahadi, kilicholipwa, kilichobaki. Kiungo kikarushwa kwenye kundi la WhatsApp, na kila mjumbe akapewa ruhusa ya kuandika.

Mwenyekiti mwenyewe ni mtu wa Word, wa kizazi kilichonyanyaswa na kukatika kwa umeme. Akiandika hotuba anabofya Ctrl na S kila baada ya nukta, na simlaumu. Usipoigusa mipangilio yake, Word hujiwekea nakala ya dharura kila baada ya dakika 10, na katika dakika 10 mzee huyu ameshawashukuru wazazi wa pande zote mbili. Kinachomkera ni lile swali la mwisho, kama anataka kuhifadhi mabadiliko. "Nimebadilisha nini mimi? Nimechapa tu!" Hajui kwamba hotuba yenye tarehe inayojisasisha yenyewe inatosha kuifanya programu iamini kuna kilichobadilika. Basi hubofya "Usihifadhi" kwa hasira. Tatizo ni kwamba siku aliyobadilisha kweli, hasira ni ileile na kitufe ni kilekile.

Jedwali la mtandaoni halina maswali hayo. Unaandika, linahifadhi papo hapo, alimradi bando lipo. La mweka hazina lilikwisha katikati ya kazi. Juu ya jedwali pakatokea maneno kwamba linajaribu kuunganisha. Akayasoma kama habari, akaendelea kujaza. Alipotaka kufunga, kivinjari kikamuuliza kama kweli anaondoka, maana mabadiliko huenda yasihifadhiwe. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, ofisi inafungwa. Akajibu ukweli: anaondoka. Michango ya ndugu wa Mbagala ikaondoka naye.

Hapo wajumbe wakaanza kuogopa kwamba kompyuta inasahau. Waliogopa upande usio wao. Inayosahau unaweza kuisamehe, ukaandika upya ukalala. Hii nyingine, inayoandika kila ulichogusa na saa uliyokigusa, ndiyo ya kukaa nayo kwa adabu.

Dalili tulizipata mapema. Anayefungua kiungo cha namna ile bila kuingia kwa akaunti yake hupewa na Google jina la mnyama asiyejulikana. Usiku usiku ukifungua jedwali letu unakuta kiboko na mbweha wanazungukazunguka kwenye ahadi za watu. Shangazi alimwona mbweha amesimama kwenye jina lake, akanipigia simu kuuliza ni wa ukoo gani.

Mjomba hakuwa mnyama. Mjomba aliingia kwa akaunti yake, jina kamili.

Kikao kilichofuata tuliunganisha laptopu kwenye televisheni ya ukumbi ili wote waone. Shangazi akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, shemeji yangu si alituahidi laki tano? Mbona hapa naona elfu hamsini?"

"Nilisema elfu hamsini, shemeji," Mjomba akajibu kwa upole. "Siku ile muziki ulikuwa juu."

Katibu msaidizi, kijana wa chuo ambaye hajajifunza kuyaacha ya wakubwa yapite, akabofya kitufe cha kulia cha mausi juu ya kisanduku kile na kufungua historia yake. Televisheni ikatoa kila kitu: jina la Mjomba, saa saba usiku, 500,000 imekuwa 50,000.

"Kidole kiliteleza," Mjomba akasema. "Sifuri kitu kidogo, hudondoka."

"Saa saba usiku, kaka?" akauliza mweka hazina, aliyekuwa bado anauguza ya Mbagala.

Mwenyekiti, kwa kutaka kumsitiri mwenzake, akaamuru mambo yarudishwe yalivyokuwa. Kijana akatii kupita kiasi: akarejesha toleo la Jumatatu. Sasa, toleo halirudishi kisanduku kimoja. Linarudisha jedwali zima. Waliolipa tangu Jumatatu wote wakawa wadaiwa, na kabla hatujagundua, mhusika wa ujumbe alikuwa ameshawatumia: "Ndugu, unakumbushwa ahadi yako." Akakumbushwa hata mchungaji, aliyelipa Jumatano taslimu na kutuombea juu.

Bahati ni kwamba kurejesha toleo la zamani hakufuti la karibuni. Lilikuwa bado kwenye orodha, tukalirejesha kesho yake. Wadaiwa wakapona. Sifuri ya Mjomba ikadondoka tena, lakini mwenyewe hakusubiri kikao kingine: laki tano ziliingia kwa simu kabla ya chai ya saa nne.

Ukipewa ukatibu, ndugu msomaji, wajumbe wape kiungo cha kusoma tu, kwa kuwa asiye na ruhusa ya kuhariri haioni hiyo historia. Kosa la kisanduku kimoja lirekebishe kwa mkono wako. Na jedwali likihitajika upande wa pili wa harusi, tengeneza nakala mpya ndipo utume: nakala huanza na historia yake yenyewe, ya nyuma haiibebi.