Bibi Harusi Hayupo Pichani

Ukitaka Kariakoo nzima ijue una safari, mnong'oneze mtu mmoja na umwombe asimwambie mtu. Mimi nilimnong'oneza muuza kahawa wa Mtaa wa Sikukuu asubuhi. Kabla ya adhuhuri, kuli nisiyemjua hata kwa sura alitua robota la vitenge mlangoni petu, akajifuta jasho, akaniuliza kama Houston kuna baridi.

Ilikuwa 2019, soko kuu bado halijaungua. Mume wangu, mtoto wa Ilala aliyepata uraia wa Marekani, alikuwa ameanza kuniombea viza ya mke. Fomu ya kwanza dola 535. Ada ya viza 325. Kukagua karatasi za kuthibitisha kwamba ana kipato cha kunilisha, 120. Viza ikitoka, 220 nyingine za kadi ya ukaazi. Jumla dola 1,200, yaani zaidi ya shilingi milioni mbili na laki saba kwa bei ya dola ya wakati ule. Mahari yangu ilikuwa laki nane, na laki mbili hadi leo tunadai. Baba alipopigiwa hesabu hiyo alinyamaza kidogo, kisha akasema kumbe amemwoza binti yake kwa bei ya jumla, na wenzake huko wanauza rejareja.

Vidole ndivyo vilivyotangulia kuhangaika. Mwaka huo, kuanzia Mei 1, laini za simu zilianza kusajiliwa kwa alama za vidole. Ili usajili laini unataka namba ya NIDA, na NIDA nao wanataka vidole. Polisi, kwenye cheti cha kuonyesha kwamba sina makosa, vidole. Sasa mtu anayekunja vitenge tangu amalize darasa la saba, mistari ya vidoleni imeshabaki kwenye vitenge. Na juu ya hapo Shangazi alikuwa amenipaka piko mpaka kwenye kucha, kwa sababu mke wa mtu haendi mbele ya wakubwa na mikono mitupu. Kijana wa kusajili laini alinibonyeza kidole gumba kwenye mashine mpaka kikafa ganzi, halafu akaniuliza kwa heshima zote, "Dada, huna vingine?"

Lakini aibu yenyewe niliikuta kwenye kutoa kopi. Viza hii inataka ushahidi kwamba ndoa ni ya kweli, na sehemu ya ushahidi ni mawasiliano yenu. Nikaenda na simu kwa jamaa mwenye mashine pale Mtaa wa Aggrey, anichapie meseji zangu za WhatsApp. Nyuma yangu foleni ya watu saba, wote wana haraka. Ukurasa wa kwanza ulipotoka, haraka ikaisha. Jamaa alikuwa akisoma kila karatasi kabla ya kunipa, ati anahakikisha wino haujafifia.

"Umekula?" akasoma. "Nimekula. Wewe?" Akageuza. "Umekula?" Akaniangalia. "Dada, hapa hakuna mapenzi, hapa kuna mgahawa."

Mama mmoja kwenye foleni akanitetea: mwanamume anayeuliza umekula kila siku miaka miwili, huyo ni mume, wengine hata hawajui jiko liko upande gani. Mzee mwenye bahasha ya kiwanja akapinga. Alitaka kwanza kusikia kama huwa anatuma ya kulia. Wakahojiana kuhusu ndoa yangu mpaka karatasi zikaisha kwenye mashine. Nikafungasha ushahidi wangu kwenye mfuko wa kitambaa, maana rambo zilishapigwa marufuku tangu Juni 1, nikaondoka huku foleni ikiwa imegawanyika.

Vipimo vya afya hufanywa na madaktari walioidhinishwa na ubalozi tu, kwa hiyo daktari wetu wa mtaani, anayenijua tangu nina matege, hakuwa na nafasi. Kijiweni walinipa masomo ya ziada. Mmoja aliapa kwamba watanipima ngoma na nikikutwa nayo basi safari imekufa. Marekani waliondoa virusi vya Ukimwi kwenye maradhi ya kumzuia mhamiaji tangu Januari 2010, ila kijiweni taarifa hiyo ilikuwa bado iko njiani. Wanachokitafuta kwa bidii ni kifua kikuu. Kila mwenye miaka 15 na kuendelea lazima apigwe picha ya kifua. Ikitia shaka unatoa makohozi siku tatu mfululizo, kisha unangoja wiki nane yaoteshwe maabara.

Shangazi aliposikia habari ya mapafu alisimamisha udi nyumbani. Mimi nimefukizwa tangu nina siku arobaini, hoja yake ikawa kwamba moshi wote huo lazima utaonekana kwenye picha. Nikanyweshwa maziwa asubuhi na jioni kusafisha njia. Mapafu yalitoka meupe, na sifa zote zikaenda kwa maziwa.

Kilichonifedhehesha ni kiuno. Nesi aliniambia nivue nguo nivae gauni lao, nikavua, nikatembea hatua mbili, na chumba kizima kikasikia shanga. Daktari, mzee wa makamo, akatazama dari. Nesi akauliza kama zinavuliwa. Nikasema zinavuliwa, ila aliyezifunga ni Shangazi na fundo analijua yeye peke yake. Tukapimwa mimi na shanga zangu.

Zikaja chanjo. Mama alikuwa ameitunza kadi yangu ya kliniki, tatizo ni kwamba alikuwa ameiandikia hesabu za upatu juu ya tarehe zote. Kwa daktari ilionekana nimechanjwa surua na mtu anayedaiwa elfu ishirini. Basi nikadungwa upya, mtu mzima na ndoa yangu: surua, matumbwitumbwi, rubela, pepopunda.

Siku ya usaili nilifika Msasani alfajiri. Simu hairuhusiwi ndani, nikamwachia dereva wa bajaji. Saa nne nikaitwa dirishani, nikanyoosha mkono wa kulia kuapa, piko ikimeremeta. Ofisa alikuwa mdada mpole, Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha kijiweni kwetu. Akafungua albamu. Picha ya kwanza: msikitini, mume wangu, baba yangu, sheikh, mashahidi, wanaume watupu.

"Wewe uko wapi hapa?"

"Nyumbani, chumbani."

"Siku ya ndoa yako?"

Nikamweleza kwamba kwetu ndivyo. Sheikh alikuja na daftari kuchukua idhini yangu, mimi nikamwachia baba, wanaume wakaenda kuyamaliza huko. Bwana harusi huletwa baadaye. Akaitikia kwa kichwa, akatafuta hiyo ya baadaye. Ilikuwepo. Wanawake wamejaa chumba kizima, mkono wa mume wangu unaonekana kushoto, kitambaa changu cha kichwani kulia, na katikati, ameshika maua, Shangazi. Akafunua nyingine. Shangazi. Ya kukata keki: kisu amekishika Shangazi, sisi tumemshika Shangazi.

"Huyu bibi ni nani?"

"Shangazi."

Akaandika kitu. Nilikuwa na hakika ameandika kwamba mume wangu kamwoa Shangazi. Kisha akaja kwenye lile bunda la meseji, akasoma kurasa nne au tano kimya, akacheka mwenyewe. "Anauliza umekula," akasema. Hakuuliza la mswaki wala rangi ya mapazia, ambayo kijiwe kizima kilinikaririsha. Alibaki na pasipoti, akaniambia viza imekubaliwa.

Nje nilimkuta dereva wa bajaji amesimama, uso umemwiva. Mume wangu, kule kwake saa nane za usiku, alishindwa kulala akapiga simu, ikapokelewa na sauti ya kiume iliyomwambia, "Mkeo yuko ndani, saa hizi hawezi kuongea."

Kwa hiyo wewe unayeolewa na mtu wa ng'ambo Jumapili hii, mwambie mpiga picha awapige mkiwa wawili tu, picha tatu zinatosha. Na dakika hizo Shangazi mtume jikoni akaangalie pilau.