Jinsi ya Kuelimisha Shule Nzima Bila Kusafisha Jino

Hongera, mwanafunzi wa udaktari wa meno. Machi 20, Siku ya Afya ya Kinywa Duniani, imekaribia na mmepangiwa shule ya msingi. Fulana zimeshachapishwa, basi limeshakodiwa. Fuata haya, hutasumbua kijidudu hata kimoja.

Beba taya kubwa la plastiki na mswaki wenye urefu wa mkono wako. Simama mbele ya mstari, jua likiwaka, ueleze mbinu ya Bass: nywele za mswaki zilale nyuzi 45 pale fizi inapokutana na jino, zitikiswe kidogo kidogo. Tamka "jinjivaitisi" mara kadhaa. Ila usiseme kwamba fizi inapotoa damu ndipo hasa pa kupiga mswaki, taratibu. Mtu akiona damu huparuka mahali hapo, ukoga ukageuka ugaga, nawe ukimaliza chuo utakuta wateja wanakungoja.

Kisha uliza, "Tumeelewana?" Watajibu "Ndiyooo!" kama wanavyomjibu kila mgeni, hata yule wa bima. Andika kwenye ripoti: elimu imepokelewa.

Dawa ya meno ipakwe kama kwenye matangazo, ncha hadi ncha. Habari kwamba mtoto wa miaka 3 hadi 6 anatosheka na kiasi cha punje ya njegere ibaki kwenye daftari lako. Na ile ya kutema povu bila kusukutua, ili floridi ikae kwenye meno, nayo ibaki huko huko. Usiwape watoto miswaki wapige mbele yako. Bomba la shule halitoi maji, halafu ungelazimika kutazama vinywa.

Ukipangiwa Arumeru, mkoani Arusha, utakuta watoto wenye meno ya kahawia. Wakaripie. Waambie wasugue kwa nguvu, ikibidi kwa mkaa. Madoa yale yaliingia jino likiwa linaumbika ndani ya taya, kwa maji ya kunywa yenye floridi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, na hakuna mswaki unaoyatoa. Lakini hayo ni mambo ya visima, nawe umekuja na taya. Isitoshe, mtoto aliyekaripiwa hufunga mdomo, na picha ya pamoja hutoka safi.

Waage kwa zawadi: mswaki mmoja, biskuti za krimu pakiti nzima.

Basi likichelewa, na kama huna la kufanya, kaa na mwalimu wa darasa la kwanza. Mwambie gego la kwanza la kudumu huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, nyuma ya meno yote ya utoto, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Wazazi wengi hulidhani la utoto, wakaliacha lioze. Likitoka, halioti tena.