Sifa za Kibali Kinachongojwa

Kusifu jambo jema hakuna jasho, kwa kuwa jambo lenyewe limekwisha kumfanyia mwandishi nusu ya kazi yake. Mimi nimekusudia kulisifu jambo ambalo kila alitajaye hulitaja kwa kushusha pumzi, nalo ni kibali cha Serikali ambacho hakijatoka. Na katika vibali vyote visivyotoka nimechagua kilicho mashuhuri kupita vyote, kile cha kuchimba chuma cha Liganga, ambacho wakazi wa Temeke na Kinondoni, watu wa mitaji midogo na matarajio makubwa, wanakingoja kwa adabu wasiyopata kumwonyesha hata mwenye nyumba mwisho wa mwezi.

Kwa faida ya msomaji aliyekuwa safarini miaka yote hii, Liganga ni mlima wa Wilaya ya Ludewa, kusini ya nchi, wenye mawe meusi mazito yaliyokadiriwa na wataalamu kufika tani milioni 126, na ndani ya chuma hicho mmechanganyika titaniamu na vanadiamu. Jirani yake, Mchuchuma, yamelala makaa ya mawe yakadiriwayo tani milioni 428. Wapangwa, wenyeji wa nchi ile, walikuwa wakiyeyusha chuma katika matanuri yao ya udongo na kufua majembe kabla ya Mjerumani kufika na ramani zake, wala hakuna habari kwamba waliomba kibali kwa mtu. Na hiyo, nadhani, ndiyo sababu kazi yao haikudumu.

Tangu Serikali iliposhika mwaka 1975 mkakati wake wa viwanda vya msingi, ambao chuma kilikuwa mojawapo ya nguzo zake, mlima huu umekuwa ukikaribia kuchimbwa. Tarehe 21 Septemba 2011 ulikaribia zaidi: Shirika la Maendeleo la Taifa, ambalo wengi hulitaja kwa herufi NDC, lilitia sahihi mkataba na kampuni ya Sichuan Hongda ya China, wao asilimia 80 na sisi asilimia 20, kwa mradi wa dola bilioni 3 za Marekani pamoja na mtambo wa umeme wa makaa wa megawati 600. Mwaka uliofuata ukazaliwa Mkoa wa Njombe, ukamegwa kutoka Iringa, na Ludewa ikahamia humo pamoja na mlima wake, hivyo watu wa Tandika waliokuwa wamezoea kuitazamia Iringa iliwabidi wajifunze upya kuitazamia Njombe. Mwaka 2017 Bunge likapitisha sheria mbili zenye majina marefu, moja juu ya mamlaka ya nchi kwa maliasili zake, na ya pili juu ya kupitia upya masharti hasi ya mikataba, na mkataba wa Liganga ukarudi mezani ili vivutio na bei ya umeme vitazamwe tena. Mwaka 2023 wananchi waliopisha mradi wakalipwa fidia, jumla ikipita shilingi bilioni 15. Na habari hiyo ilipofika barazani Mbagala, wajuzi walihukumu kwamba anayelipa fidia hawezi kukosa nia ya kuchimba. Nia ipo mpaka leo.

Wawekezaji ninaowazungumzia hawamo katika mkataba wowote. Mmoja ni karani mstaafu wa Chang'ombe, aliyestaafu mwaka ule ule wa 2011, akatia sehemu ya kiinua mgongo chake katika kiwanja kando ya barabara ya Ludewa, ile ambayo baadaye imejengwa kwa zege kutoka Lusitu hadi Mawengi, akisema malori ya chuma yatapita hapo na madereva watahitaji pa kulala. Wa pili ni mchomelea mageti wa Tandika, ambaye yeye na wenzake wamechanga fedha ili waombe leseni ya uchimbaji mdogo, ile ambayo sheria huwapa raia peke yao, katika vilima jirani ambavyo huenda vina chuma na huenda vina mawe tu. Wa tatu ni mama wa Mwananyamala, katibu wa kikoba, aliyesikia kwamba kanuni za mwaka 2016 ziliwataka wenye leseni kubwa za madini wauze asilimia 30 ya hisa zao kwa umma kupitia Soko la Hisa la Dar es Salaam. Akanunua daftari jipya, akaandika LIGANGA juu yake kwa kalamu nyekundu, na tangu hapo wanakikoba huweka humo elfu mbili mbili kila juma kwa ajili ya hisa ambazo hakuna aliyepata kusema kama zitauzwa.

Tutazame ilimu waliyoipata. Karani yule katika miaka yake yote ya kazi hakuwa na haja ya kujua kwamba titaniamu ikizidi katika chuma huwasumbua wenye matanuri makubwa ya kuyeyushia. Leo atakueleza hilo bila kuombwa, na ukimruhusu ataendelea na vanadiamu mpaka adhana ya magharibi. Juu ya meza yake pana jiwe la Liganga la ukubwa wa ngumi, jeusi, linalong'aa mahali lilipovunjika, zito kiasi cha kumshangaza mtoto aambiwaye alinyanyue. Mwenyewe huchukua sumaku aliyoing'oa katika spika ya redio iliyokufa, huisogeza polepole mpaka iruke na kung'ang'ania, kisha hunyamaza, amwache mgeni afikiri peke yake. Nimeliona jambo hili likifanywa mbele ya mkwe, mbele ya shehe, na mbele ya kijana aliyekuja kusoma mita ya maji, na sijamwona hata mmoja aliyeondoka bila kuuliza viwanja vya huko vinauzwaje.

Fauka ya ilimu iko hadhi, na hapa ndipo kibali kinachongojwa hukipita kwa mbali kibali kilichotoka. Mtu mwenye duka hana jina jingine ila mwenye duka, na kila apitaye hujua kuna nini kwenye rafu zake. Lakini mtu asiye na duka, akiwa na bahasha ya kaki yenye nakala zilizogongwa muhuri wa wakili, huitwa mwekezaji, na rafu zake hazina mwisho. Mdai akija jioni hakuti mlango uliofungwa wala mtoto aliyefundishwa kusema baba hayupo, hukuta mwenyeji ametulia barazani, akamkaribisha kiti na kikombe cha kahawa, akamwambia: "Kaka yangu, deni nalikiri, wala sikukimbii, ila ngoja kibali kitoke." Maneno haya hayana jibu. Mdai hawezi kuyakanusha bila kuonekana anaidhania Serikali vibaya, wala hawezi kuyakubali bila kuongeza muda. Basi huongeza muda, na mara nyingine huuliza kama nafasi ya kuchanga bado ipo. Kwa maneno hayo hayo mahari zimecheleweshwa kwa heshima, mabati yanayovuja yameachwa yavuje kwa matumaini, na mjomba aliyepanda basi kutoka Masasi kuja kukopa ada ya mwanawe amerudi kwao na ahadi ya kazi ya ulinzi mgodini. Mke wa mchomelea mageti peke yake ndiye aliyekataa kuingiwa na hadhi hiyo. Yeye husema kwamba hajaona mboga ya kibali sokoni Tandika, na kwa kuwa hajasoma masharti ya mradi, mumewe humsamehe.

Kadhalika katika mambo ya fedha sijaona amana iliyo salama kuliko hii. Tangu Soko la Hisa lilipoanza biashara mwaka 1998, watu wa hali ya kati wamenunua hisa za benki, za saruji na za bia, wakaziona zikipanda wakafurahi, wakaziona zikishuka wakakosa usingizi. Hisa ya Liganga haijapata kushuka hata senti moja. Haina mwaka mbaya, haina meneja mwizi, haina mgomo wala maporomoko. Bei ya chuma ikianguka huko China, hisa za migodi dunia nzima hutetemeka ila hii, ambayo haijazaliwa. Gawio lake halijapata kugombewa na ndugu wala kuliwa na arusi. Kama kuna mhasibu awezaye kunionyesha rasilimali nyingine isiyopata hasara kwa muda wote huo, na amlete.

Nisidhaniwe kwamba namcheka anayesoma mikataba. Nchi iliyoyaona makontena ya makinikia yakizuiliwa mwaka 2017, ikaambiwa na kamati zake kwamba kilichomo ni kingi kuliko kilichoandikwa, ilikuwa na haki ya kurudi katika kila karatasi iliyotiwa sahihi, na asilimia 20 kwa mlima mzima ni hesabu inayostahili kutazamwa kwa miwani. Chuma hakiozi ardhini, akitakaye atakikuta. Ila karatasi husomwa kwa mshahara, na kungoja hulipiwa na anayengoja mwenyewe. Miaka iliyopita tangu mwaka 2011 haimo katika mizania ya upande wowote, si ya Sichuan wala ya Dodoma, kwa sababu si mali ya mtu mkubwa. Imeandikwa katika daftari la Mwananyamala tu, elfu mbili mbili, kwa kalamu nyekundu. Nami naona kwamba mtu aliyechanga muda mwingi namna hiyo katika mradi wa taifa, bila hisa, bila mkataba, na bila mtu kumshukuru, ameipa nchi mkopo usio na riba ambao hakuna benki ingeutoa.

Na wakati mlima umepumzika, chuma hakina budi kupatikana, na hapa kibali hiki kimeifadhili Temeke kuliko ambavyo kingeifadhili kwa kutoka. Mji wenyewe umekuwa mgodi. Asubuhi vijana husukuma mikokoteni katika vichochoro vya Mbagala na Mtoni wakiita chuma chakavu, wakikusanya feni zilizoungua, fremu za baiskeli, sufuria zilizotoboka na vyuma vya magari ambavyo hata fundi amevikatia tamaa; mwenye mizani huning'iniza gunia, hutazama mshale, huondoa kidogo kwa ajili ya kutu, na kulipa kwa kilo. Uchimbaji huu hauna masaa, kwani usiku nao mifuniko ya chemba hutoweka na alama za barabarani huondoka pamoja na nguzo zake, mpaka dereva mgeni huijua kona baada ya kuipita. Kisichopatikana kwa njia hii huja kwa meli. Reli ya kisasa ya kwenda Dodoma, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024, ililetewa vyuma vyake kupitia bandarini, na TAZARA nayo ililetewa vyake kutoka China miaka ya 1970. Na TAZARA hiyo hupita Makambako, ambako abiria mwenye nafasi aweza kushuka, akapanda basi la Njombe na Ludewa, akautazame mlima ambao haukuchangia hata msumari mmoja katika safari yake. Mchomelea mageti wa Tandika hununua bomba la mraba kwa bei inayopanda, hulipima kwa futi yake, huandika kipimo kwa chaki juu ya sakafu, na kila bei ipandapo imani yake huzidi, maana bei ikiwa kubwa hivi, husema, Serikali haiwezi kuchelewa zaidi.

Hivi karibuni ilitujia habari ya kutisha kutoka Guinea, ambako uko mlima wa chuma uitwao Simandou. Kampuni ya Rio Tinto ilipata leseni ya utafutaji huko mwaka 1997, na watu wa nchi ile wakangoja kwa ufundi ambao sisi tuliuheshimu, wakipita katika mapinduzi, kesi na mikataba iliyovunjwa. Kisha mwishoni mwa mwaka 2025 reli ikawa tayari na shehena ya kwanza ikaanza kusafirishwa. Habari hii ilisomwa kwa sauti barazani Chang'ombe na hakuna aliyeichangamkia. Karani alisema kwamba ile ni Afrika ya Magharibi na mambo yao ni mengine. Lakini wasiwasi umeingia: kumbe jambo hili laweza kwisha.

Kwa hiyo nina ombi, nalo naliweka mbele ya Wizara ya Madini, Tume ya Madini, Shirika la Maendeleo la Taifa, na yeyote mwingine mwenye muhuri. Ikiwa imekusudiwa kibali kitoke, kisitoke kwa ghafla; tangazo na libandikwe mapema katika mbao za serikali za mitaa, Temeke na Kinondoni, ili wenye madeni wapate kujipanga, wachumba wapate kushona, na mama wa kikoba apate kuuliza hisa zinauzwa wapi kabla hazijanunuliwa na waliolala jirani na habari. Na ikiwa imekusudiwa kisitoke kabisa, hilo nalo tuambiwe, kwa maandishi na kwa tarehe, kwa kuwa karani wa Chang'ombe ametimiza miaka 74.