Masale ya Mpakani

Binti yangu alirudi shuleni na kazi ya kuchora mti wa ukoo. Upande wa mama yake ulijaa mpaka tukaunganisha karatasi kwa gundi. Upande wangu, juu ya babu, kulikaa alama ya kuuliza. Basi Desemba, Wachaga wenzangu walipopanda mabasi kwenda kula nyama, mimi nilikwenda Old Moshi kutafuta kaburi la baba wa babu.

Nilianzia kanisani. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na watu wale waliandika. Nilikuwa na fununu tu kwamba aliitwa Eliya; kitabu cha ubatizo kikanipa akina Eliya watano, nichague mwenyewe.

Nikaingia kihambani, shamba la ukoo. Makaburi ya kale kwetu hayana saruji wala maandishi. Mtu alilazwa chini ya migomba yake, likapandwa sale, ule mmea wetu wa majani marefu, yakaisha. Siku ya pili nikalikuta fungu la masale yaliyosongamana, yana heshima kabisa. Nikasema, ndiye huyu. Nikafyeka, nikang'oa magimbi yaliyomzonga mzee wangu, nikamimina kibuyu kizima cha mbege, nikajitambulisha kwa majina yangu matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho cha taifa. Machozi yakanilenga.

Mimi, mtoto wa Temeke, Dar es Salaam, nilisahau kitu kimoja: sale hupandwa mpakani pia.

Jirani, mzee wa miaka themanini na ushee, alikuja na wajukuu wawili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Baba yako hakuusogeza mpaka huu. Wewe umefika juzi, unausogeza?"

"Natafuta kaburi, mzee."

"Ndani ya magimbi yangu?"

Kule kihamba kimegawanywa kwa wana, kikagawanywa tena kwa wana wao, hadi mtu akijinyoosha miguu inalala kwa jirani. Mwanamume akionekana na panga mpakani, hakuna anayewaza habari za mizimu. Jioni tulikuwa kwa balozi wa nyumba kumi. Magimbi yakahesabiwa: mashina kumi na moja. Nikaambiwa nilipe, kisha nipeleke sale kuomba radhi, kama desturi.

Nikakimbilia nyuma ya zizi, kwenye kisale kimoja chakavu chini ya mparachichi, ambako shangazi, mwenyeji wangu, hufunga mbuzi. Nikachuma jani, nikalipiga fundo, nikampelekea mzee kwa mikono miwili.

Akalipokea, akaligeuzageuza. "Umelichuma wapi?"

Nikamwambia.

"Hapo ndipo alipolazwa baba wa babu yako. Nilikuwa mtoto, mimi ndiye niliyechota maji."

Nilirudi mbio kwa shangazi. Alikuwa anamenya ndizi, wala hakuinua kichwa. Alilijua kaburi hilo tangu utoto wake. "Umemuuliza mchungaji, umemuuliza balozi," akasema. "Mimi umeniuliza ndizi zimeiva lini."

Mbuzi amehamishwa. Magimbi nimelipa. Sasa binti yangu anataka na bibi yake babu, na kwa huyo sina hata akina Eliya watano. Mwenye fununu anipigie simu kabla ya Desemba. Nitakuja mikono mitupu, panga nitaliacha Temeke.