Dada, Tufungie: Viporo vya Kinyinya kuanzia Mkiani

Ukiagiza kwa macho kwenye baa ya mishikaki hapa Kinyinya, Kigali, lazima kitu kibaki mezani. Kibebe! Umekilipia, na nyumbani kuna mtu hajala. Tunahesabu kurudi nyuma, kuanzia kisichostahili nauli.

7. Chipsi. Zikivuka mlango zimeshalegea. Msukumie jirani wa meza, mpate urafiki.

6. Nusu chupa ya bia ya Primus. Chupa ni ya baa, na gesi haitasubiri hadi ufike nyumbani Kagugu. Imalize, au mwachie aliyekuita.

5. Sahani ya melanji, bufee yetu. Unalipia sahani moja na kupakua mara moja, ndiyo maana watu hujenga ghorofa: wali chini, ndizi, viazi, maharage, nyama kileleni. Ghorofa hilo halihamishiki. Hata Ufaransa, ambayo tangu Julai 1, 2021 inaulazimu mgahawa kumpa kifungashio mteja anayeomba, iliacha nje bufee za kula upendavyo. Mjenzi, punguza orofa.

4. Mvinyo. New York iliruhusu mwaka 2004 mteja aondoke na chupa aliyoianza, mradi alikula mlo, chupa ikazibwa upya na kufungwa pamoja na risiti. Divai ina hati ya kusafiria! Urwagwa wetu wa ndizi hauhitaji hati, unahitaji hewa: chachu bado inafanya kazi, na kifuniko kilichokazwa kitaruka chenyewe. Ukipanda pikipiki na kidumu mapajani, onya dereva mapema.

3. Samaki mzima. Kichwa ndicho chenye utamu, na ndicho wageni wanachokiacha. Uchina, kwa sheria ya Aprili 2021, mgahawa unaweza kumtoza mteja anayeacha chakula kingi kupita kiasi. Sisi tuanze na vichwa vya samaki.

2. Mishikaki ya mbuzi. Hapa kuna jambo zito kidogo. Wazee walitufundisha kwamba mtu mzima haonekani akila njiani, na wengi bado wanaona haya hata kubeba chakula mkononi. Basi tazama tunavyofungiwa: mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku hapa Rwanda mwaka 2008, na plastiki za kutumia mara moja zikafuata mwaka 2019, kwa hiyo nyama inaviringishwa kwenye karatasi ya alumini na kutiwa katika mfuko wa kaki. Ukipita nao barabarani, nani atajua kama ni mbuzi au nyaraka za ofisi? Harufu tu ndiyo mbea. Heshima imebaki, na watoto watakula.

1. Isombe! Ikilala kwenye friji, karanga na majani ya muhogo vinapatana vizuri zaidi, na asubuhi inaishinda ile ya jana. Karatasi haiiwezi, mchuzi utapenya, kwa hiyo njoo na kopo lako lenye kifuniko. Rafiki akisema ameshiba, usimbembeleze: komba na ya kwake.