Shangazi wa Mawingu Anajibu: Faili Zenu Zinakaa kwa Watu

Wiki hii sijapata hata barua moja ya mume aliyehama chumba. Wote mmeniandikia kuhusu faili zilizoko mawinguni. Kumbe ndoa za Texas zimetulia, kinachowakosesha watu usingizi ni akaunti.

Kabla sijafungua bahasha ya kwanza, niseme jambo moja. Hilo wingu mnalolilalamikia haliko juu. Ukipita Stemmons Freeway pale Dallas utaona jumba kubwa la vioo, Infomart, lililojengwa 1985 kwa kuigiza Crystal Palace ya London. Leo ndani yake kumejaa nyaya na kompyuta za makampuni. Google wana jumba lao Midlothian, kusini mwa Dallas, na Meta wana lao Fort Worth. Picha na vyeti vyenu vinalala kwenye majumba ya namna hiyo, na kila jumba lina mwenyewe. Sasa tuendelee.

*Shangazi shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Alief, Houston. Kimbunga Beryl kilipopiga Julai 2024 tulikaa siku nne bila umeme. Watu wa bima wakataka makaratasi. Nikafungua laptopu kwa kujiamini, maana vyeti vyote nilishaviskani nikavipanga OneDrive. Majina ya faili nayaona: cheti cha uraia kipo, mkataba wa nyumba upo. Nikibofya, hakifunguki kitu. Mume wangu anasema ni mambo ya mawifi. — Mama Watatu, Alief*

Marahaba mwanangu. Mawifi waache wapumzike, safari hii hawahusiki.

Siku hizi OneDrive kwenye Windows ina tabia ya kuweka kwenye kompyuta yako jina la faili tu, faili yenyewe ikabaki huko mawinguni hadi utakapoiomba. Inafanya hivyo ili diski isijae. Angalia pembeni ya jina. Ukiona kiwingu kidogo cha bluu, hapo una jina na huna faili. Ukiona duara jeupe lenye tiki ya kijani, faili ipo kwa sasa kwa sababu uliwahi kuifungua, ila mashine inaweza kuiondoa siku nafasi ikibana. Unachokitaka ni duara la kijani lililojaa, lenye tiki nyeupe. Bofya kulia kwenye folda ya vyeti, chagua pale panaposema ikae kwenye kifaa hiki daima, kisha uwe na subira mpaka vile vimshale vinavyozunguka vimalize kazi yao.

Halafu fanya mtihani ambao karibu hakuna anayeufanya: zima Wi-Fi na ufungue vyeti vitatu. Vikifunguka, umepakua. Visipofunguka, ulikuwa unaangalia picha za ikoni. Beryl kilipopita, wateja zaidi ya milioni 2.2 wa eneo la Houston walikosa umeme, na mitandao ya simu nayo ikawa inachechemea. Laptopu yenye chaji kidogo na isiyo na intaneti, ndiyo hali utakayokutana nayo tena.

Ukimaliza, nakili folda hiyo kwenye flashi, uifungie nywila, uitie kwenye mfuko wa plastiki na uiweke juu ya kabati. Nimesema juu. Watu wa Meyerland, mtaa wa Houston, walifurika 2015, wakafurika 2016, na 2017 kimbunga Harvey kikaja kuwakumbusha. Kilichokuwa sakafuni hakikuuliza kama kina nakala mawinguni.

*Shangazi, tulifunga ndoa Juni hapa Katy. Mpiga picha ametuma linki ya folda ya Google Drive, gigabaiti 180. Nikabonyeza nipakue, nikaenda kulala. Asubuhi nimekuta faili za zip kadhaa, nyingine hazifunguki, na busu la kanisani silioni popote. Mume anasema tuziache hukohuko, ziko salama. Mama mkwe yuko Tanga, kila siku anauliza kama harusi ilifanyika kweli. — Bibi Harusi*

Hongera mwanangu. Mume uliyempata ni mtu wa imani, na imani ni jambo zuri, ila folda ile ni mali ya mpiga picha. Siku akiishiwa na nafasi, au kadi yake ikikataliwa, au akiamua kuacha kamera aingie kwenye biashara ya nyumba, atasafisha Drive yake na ninyi mtasafishwa humo humo. Someni mkataba wenu, mwone amekubali kuwatunzia kwa muda gani.

Tuje kwenye zip. Ukiiomba Google Drive folda nzima kupitia kivinjari, inaifungasha vipande vipande, kila kimoja kama gigabaiti 2. Folda yako ni vipande kama tisini. Kivinjari huuliza kama unakiruhusu kupakua faili nyingi kwa mpigo. Wewe ulikuwa umeshalala, hukujibu, nacho hakikuendelea. Laptopu nayo ukiifunika inalala, na kipande kilichokuwa njiani kinakatika katikati. Hicho ndicho kinachokataa kufunguka. Isitoshe, picha za folda moja hutawanywa kwenye vipande mbalimbali, kwa hiyo busu lenu huenda liko kipande cha 61. Na video kubwa huja peke yake nje ya zip, usije ukaifuta kwa kudhani ni takataka.

Achana na kivinjari. Weka programu ya Google Drive ya kompyuta. Folda ya mpiga picha iongezee njia ya mkato kwenye Drive yako, na usiogope, haitakula zile gigabaiti 15 za bure. Kwenye kompyuta itaonekana kama diski nyingine. Kutoka hapo nakili folda ndogo moja moja kwenda diski ya nje: maandalizi, kanisani, ukumbini, na ile ya wajomba wakicheza. Ukiburuta zote kwa pamoja, laptopu yenye nafasi finyu itashiba kabla ya kumaliza. Chomeka chaja, na uiamuru mashine isilale.

Diski ya nje ina mtego wake. Baadhi huja zimeandaliwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili inayofika gigabaiti 4. Picha zitaingia zote kwa adabu, kisha video ya ibada itagoma na utadhani umeuziwa diski mbovu. Iandae upya kwa exFAT, lakini ingali tupu, maana zoezi hilo linafuta kila kilichomo.

Mwisho, hesabu. Mwulize mpiga picha folda ina faili ngapi. Akisema 3,412 na wewe una 3,398, kuna 14 bado ziko kwake, na kwa bahati yako ninavyoijua mimi, busu ni mojawapo.

Mama mkwe usimtumie linki. Mchagulie picha ishirini, uzitume kwa WhatsApp kama dokumenti ili zisipunguzwe ubora. Ile ya busu mwachie mwanawe aitume mwenyewe akitaka.

*Shangazi, mimi ni dereva wa lori, nyumbani Fort Worth. Nalipia intaneti ya kasi 100, lakini nikipakua, kompyuta inaonyesha 12. Nani anakula hizo 88?*

Hakuna mlaji, kaka. Waliokuuzia wanahesabu megabiti, kompyuta yako inahesabu megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Mia gawanya kwa nane ni 12.5. Umepata haki yako karibu yote. Kwa kasi hiyo gigabaiti 100 zinachukua saa mbili na ushei. Siku ukiona 3, sogea karibu na ruta au chomeka waya kabla hujampigia mtu kelele kwenye simu.

*Shikamoo Shangazi. Nilihitimu Denton, na chuo kimeniandikia kwamba akaunti yangu itafungwa mwisho wa mwezi. Nimeburuta Drive yangu yote kwenye flashi, ikamaliza kwa sekunde nne! Sasa niko huru? — Mhitimu*

Marahaba. Hapana. Miaka minne ya masomo kuingia kwenye flashi kwa sekunde nne kulipaswa kukutia hofu, si furaha.

Maandishi uliyoyaandika ndani ya Google Docs hayana faili kwenye kompyuta yako. Kile kinachoishia na gdoc ni anwani tu inayokurudisha kwenye tovuti. Umehama na namba za milango, nyumba umeziacha, na mwisho wa mwezi kufuli zinabadilishwa. Usikilaumu sana chuo. Mwaka 2021 Google ilitangaza kwamba nafasi isiyo na kikomo kwa vyuo inaondoka, na tangu Julai 2022 taasisi nzima huanza na fungu la terabaiti 100 la kugawana. Mahali pa kwanza pa kupunguza ni kwa waliokwisha kuvaa joho.

Ingia Google Takeout, chagua Drive, nayo itageuza maandishi yako kuwa faili za Word na majedwali kuwa ya Excel. Inaweza kuchukua saa, inaweza kuchukua siku, na linki itakayokujia kwa barua pepe huishi kama wiki moja tu, kwa hiyo usiombe halafu ukasafiri. Kama chuo kimezima Takeout, pakua folda moja moja kwenye kivinjari. Huko nako maandishi hugeuzwa yenyewe. Faili ulizoshirikishwa na wengine, kama ile yenye maoni ya msimamizi wako, tengeneza nakala yako mapema.

Na kabla akaunti haijafa, kumbuka ni wapi pengine uliitumia kuingilia. Benki? Uhamiaji? Badilisha barua pepe huko kwanza, kisha ndiyo ulilie tasnifu.

*Shangazi, mimi ni katibu mpya wa chama chetu cha kusaidiana misibani, Arlington. Katibu aliyetoka alinuna baada ya uchaguzi, akatuondoa wote kwenye folda. Humo mna katiba, mihutasari, na orodha ya waliochanga. Kijana mmoja fundi wa kompyuta anasema anaweza "kuingia". Tumruhusu?*

Kijana mpeni chai na mwambie akae. Sheria ya jinai ya Texas ina sura nzima, ya 33, kuhusu makosa ya kompyuta, na chama cha misiba hakihitaji kesi juu ya misiba.

Kwa macho ya Google, faili ni ya aliyeiunda kwenye akaunti yake, hata kama wanachama themanini ndio waliolipa ada. Ninyi mlikuwa wageni waalikwa. Habari njema ni kwamba anaweza kuhamisha umiliki kwenda akaunti nyingine, na huyo mwingine akubali. Habari mbaya ni kwamba akizitupa, zitakaa kwenye pipa la taka siku 30, kisha hazirudi. Kwa hiyo msinuniane hadi Krismasi.

Tumeni wazee wawili na mama mmoja anayemheshimu. Wasianze na folda. Waanze kwa kumshukuru kwa miaka aliyotumikia, maana nimesoma barua yako yote, ndefu kuliko niliyochapa hapa, na hakuna mahali ulipoandika kwamba mliagana naye vizuri. Mwenye hasira ya kutoagwa hatoi nywila. Akishakunywa chai, hapo mwombeni ahamishe umiliki.

Wakati wazee wako njiani, chimbueni kwingine. Mihutasari mingi ilitumwa kwa barua pepe, imo kwenye visanduku vya watu. Katiba iko kwenye simu ya yule mwanachama anayebishana kwenye kila mkutano, huyo lazima aliipakua. Orodha ya michango ifufueni kutoka taarifa za benki. Zelle haisahau mtu. Kisha fungueni akaunti ya jina la chama, funguo wawe nazo watu wawili, na kila baada ya miezi mitatu mweka hazina apakue kila kitu kwenye diski. Jeneza likiwa linasubiri ndege ya Nairobi, si wakati wa kuulizana nani alichanga.

*Shangazi, marehemu baba alituachia kanda nyingi za video. Nimezigeuza kuwa faili, terabaiti 2, ziko kwenye diski hapa Sharpstown, Houston. Mdogo wangu yuko Plano, anataka nizipandishe mawinguni ili azipakue. Kompyuta inaniambia siku tisa. — Mtoto wa Kwanza*

Mungu amrehemu baba yenu. Siku tisa ni kweli, kwa sababu intaneti nyingi za nyumbani hupandisha polepole kuliko zinavyoshusha. Kwa megabiti 20 ndizo hizo siku tisa. Kisha mdogo wako, hata akiwa na kasi ya 100, atapakua kwa saa 44. Katikati yenu mtakuwa mnalipia terabaiti 2 kila mwezi, mpaka mmoja asahau kulipa.

Nunua diski ya pili. Kunakili kutoka diski hadi diski ni kama saa sita, fanya usiku ukiwa umelala. Asubuhi fungua faili kadhaa kwenye nakala, za mwanzo, za katikati na za mwisho, kisha ingia barabara ya I-45. Baada ya saa nne hivi uko Dallas. Diski moja ibaki Houston na nyingine ikae Plano, ili mafuriko yakifika sebuleni kwako, ya mdogo wako iwe haijalowa.

Ukisimama kituo cha mafuta cha Buc-ee's pale Madisonville, shuka nayo mkononi. Gari lililofungwa juani Texas mwezi wa Julai linaweza kupita joto ambalo diski imetengenezwa kulivumilia. Na mdogo wako akikuuliza kwa nini hukutuma linki tu, mwambie ulikuwa na hamu ya kumwona.